Nipe Mashine Isiyo na Nguvu

Kwa msomaji aliyepitwa na safu hii: mume wangu, fundi nguo, alifariki kabla mvua hazijaisha. Dada yake mkubwa, yaani wifi yangu, akaja kunifariji kwa siku chache. Bado ananifariji.

Alianza kunifariji jikoni, akatupa sufuria zote zilizopinda. Akaja kunifariji chumbani, akagawa mashati ya marehemu kwa watu ambao hata mazishini sikuwaona. Wiki iliyopita nilipowaacha alikuwa amepanda kwenye stuli pale sebuleni, ananifariji kwa kung'oa mapazia.

Alishuka salama. Nalisema hili kwa sababu baadhi yenu mliniandikia mkionyesha matumaini mengine.

Basi aliposhuka, akapiga chafya.

Wifi yangu amejaaliwa mwili, na chafya yake haimwachi mtu akiwa ametulia kitini. Akapiga ya kwanza. Akapiga ya pili. Kisha akainamisha macho chini, taratibu, kama askari aliyeona miguu ya mwizi chini ya gari.

"Ni hili," akasema.

"Lipi?"

"Hili zulia lenu. Ndilo linaloniua."

Nilikuwa na jibu zuri sana la hapo. Nililimeza, kwa heshima ya marehemu.

Zulia lenyewe ni la sufu, rangi ya matofali, na karibu linagusa kuta zote za sebule. Mume wangu alikuwa na meza ya kukatia, lakini hakuwahi kuitumia. Aliniachia mimi niifanye meza ya pasi. Alikuwa akisema kitambaa kikikatwa mezani kinakatwa na mikono, kikikatwa chini kinakatwa na mwili mzima. Kwa hiyo alikitandaza juu ya zulia, akapiga magoti karibu na dirisha, pini mdomoni, chaki mkononi, akakaa hivyo mpaka miguu ife ganzi. Mahali pale pale, mwaka hadi mwaka.

Manyoya ya zulia yakalala. Yakaacha mashimo mawili kama visahani, moja la goti la kushoto, jingine la goti la kulia. La kulia lina kina zaidi, kwa sababu ndilo alilokuwa akiliegemea.

Mgeni hawezi kuyaona. Zulia lote limechakaa, nani atahesabu pale palipochakaa zaidi? Watu wanapita juu yake na viatu. Mimi huzunguka.

Hili sikuwa nimemwambia mtu. Nawaambia ninyi kwa kuwa hamtakuja kulikanyaga.

"Jumamosi linatoka," akasema wifi. "Nimeshaongea na wachukuzi. Na nimeona mkeka wa plastiki mahali, mzuri kweli, una maua."

"Una maua."

"Makubwa. Ya zambarau. Ukiuchafua unapitisha kitambaa, basi."

"Na nikilisafisha hili?"

"Kwa ufagio?" Akacheka mpaka akapiga chafya nyingine. "Wifi, vumbi la humu limeota mizizi."

"Kwa mashine. Zile za mvuke. Siku hizi watu wanazo majumbani."

Akatafakari. Wifi yangu hana huruma na vitu vya watu, lakini anapenda sana mashine.

"Haya," akasema. "Likiwa safi, safi la kulala, nikaweka pua yangu chini na isiniwashe, libaki. Lakini likibaki na uchafu hata wa kiganja, linatoka. Sitaki kusikia ngonjera."

Tukapeana mikono kama watu waliouziana gari bovu, kila mmoja akijua kasoro ambayo mwenzake haijui.

*

Dukani alinisindikiza. Alisema mjane hafai kununua vitu vya umeme peke yake. Sheria hiyo inatoka wapi sijui, lakini alikuwa ameshavaa viatu.

Muuzaji alikuwa mtu mwenye tai ndefu na tabasamu refu zaidi.

"Karibuni mama zangu! Mashine ya kusafishia zulia? Mmefika nyumbani. Kwanza niwaulize: nyumba ina watoto? Ina paka? Mbwa?"

"Ina wifi," nikasema.

Akacheka, kwa kuwa analipwa kucheka.

"Na mnataka ya nguvu kiasi gani?"

"Kali kuliko zote," akasema wifi.

"Dhaifu kuliko zote," nikasema mimi.

Alitutazama kwa zamu, akaamua kumsikiliza mwenye mwili mkubwa. Akaivuta mashine moja ndefu, nyekundu, yenye matangi mawili na tumbo kama la afisa.

"Hii ndiyo mama yao. Nitawaambia ukweli, kwenye boksi wameandika mvuke, ila hii kazi yake ni maji ya moto. Inayamwaga hapa mbele, brashi zinazunguka, zinachimba mpaka kwenye shina la nyuzi, halafu inayafyonza yote na uchafu wake. Tangi hili maji safi, tangi hili machafu. Ukimaliza, zulia halikumbuki hata aliyelikanyaga jana!"

"Ndiyo yenyewe!" akasema wifi.

"Hiyo hapana," nikasema.

"Kwa nini, mama? Haijawahi kurudishwa hii."

"Inasahaulisha mno."

Wifi akamwambia muuzaji, kwa sauti ya chini ambayo hata walio upande wa mafriji waliisikia, "Amefiwa." Muuzaji akavaa uso wa msiba. Ulimkaa vizuri, nadhani huwa anautumia pia kwa wanaorudisha bidhaa.

"Pole sana mama. Zulia ni la namna gani?"

"Sufu. La zamani."

"Aah. Hapo ungesema mapema. Sufu haitaki kuloweshwa, inasinyaa. Haitaki pia kusuguliwa sana, manyoya yanachakaa."

"Umesikia?" nikamwambia wifi. "Halitaki kusuguliwa. Nataka isiyo na brashi. Isiyofyonza. Isiyochimba shina la chochote. Unayo mashine isiyo na nguvu?"

Muuzaji akakuna shingo. "Mama, tangu nianze kazi hii kila anayeingia anauliza nguvu. Wewe ndiye wa kwanza kuulizia unyonge."

"Basi nipate zawadi."

Akaenda nyuma ya rafu, akarudi na kitu chembamba chenye mpini mrefu, kama fagio lililosoma. Chini kilikuwa na bamba la kuvalishwa kitambaa.

"Hii ni mvuke mtupu. Unaweka maji humu, unasubiri yachemke. Taa hii nyekundu ikiwa kijani, uko tayari. Unapitisha juu, mvuke unalegeza uchafu, kitambaa kinauchukua. Haina brashi. Haivuti nyuzi."

"Hailazi manyoya?"

"Hailazi! Inapita kama pumzi, mama. Inalipumulia tu zulia."

Kama pumzi. Neno likanikaa moyoni. Nikaishika ile mashine mpini, nyepesi, ya upole, nikasema hii ndiyo. Itaondoa vumbi la wifi na kuacha magoti ya mume wangu.

Kikabaki kikwazo kimoja, na kilikuwa kimekunja mikono kifuani.

"Hii? Hii ya kupigia deki maua?" akasema wifi. "Inaua nini?"

Muuzaji anaijua kazi yake. "Wadudu wote mama. Joto lile halina msamaha."

"Hata wasioonekana?"

"Hasa wasioonekana."

Uso wa wifi ukafunguka. Kumbe ndio aliokuwa akiwachukia kuliko wote. "Funga," akasema. "Tunaichukua."

Ilikuwa mara ya kwanza mimi na wifi kutaka kitu kimoja tangu siku ya harusi yangu, ambapo sote tulitaka iishe haraka.

Bei sitaitaja. Tayari tunalia vya kutosha humu.

*

Jumamosi asubuhi tukatoa viti nje. Jirani wa mlango wa pili akachungulia, akauliza, "Mnahama?" Wifi akamjibu, "Bado," na mimi nikalihifadhi neno hilo kwa matumizi ya baadaye.

Kijitabu cha maelekezo kilikuwa na lugha nyingi, zote za wenyewe. Nikafuata picha. Pichani mwanamke mwembamba mwenye viatu vya visigino anapitisha mashine huku akitabasamu dirishani. Ilionekana wazi hana wifi.

Nikapitisha kwanza sumaku. Mke wa fundi hakanyagi peku kabla ya sumaku. Ikatoka imeota pini pande zote kama nungunungu. Kisha nikafagia, nikakung'uta vumbi, nikaenda bafuni kusuuza vitambaa vya mashine.

Niliporudi nikamkuta wifi anafunga kifuniko cha tangi, na sebule inanukia waridi.

"Umeweka nini humo?"

"Maji."

"Maji ya wapi yananukia hivyo?"

"Na dawa kidogo ya kulainishia nguo. Maji matupu yatamtisha mdudu gani?"

"Wifi, muuzaji alisema maji tu!"

"Yule hata tai yake haikunyooka."

Mashine ikachemka, ikanguruma, ikakohoa. Ikakaa kimya kama mgonjwa anayefikiria jambo. Kisha ikatema povu, zito, jeupe, la waridi, likamfika wifi kifundoni.

"Inafanya kazi!" akapiga kelele.

Nikaizima, nikaisubiri ipoe, nikamwaga, nikasuuza, nikamwaga tena. Wifi alikuwa amekaa kwenye meza ya pasi, amenyanyua miguu, ananilaumu kwa kununua mashine mbovu.

Mara ya pili ilikwenda sawa. Nikajaribu kwanza nyuma ya mlango, mahali pasipoonekana, nikabonyeza kitambaa cheupe nione kama rangi inatoka. Haikutoka. Nikaanza mlangoni kuelekea dirishani, mkanda kwa mkanda, mvuke kidogo, kitambaa, mvuke kidogo, kitambaa.

Kitambaa cha kwanza kikatoka kijivu. Wifi akakinyanyua kwa vidole viwili, akanionyesha.

"Unakiona? Huu ndio uchafu mliokuwa mnavuta."

Nikakitazama. Ndani ya kile kijivu kulikuwa na weupe, na bluu kidogo, na waridi. Rangi za chaki. Makoti ya watu, sare za shule, magauni ya harusi, yote yalichorwa hapa, na vumbi lake likashuka chini.

"Nakiona," nikasema.

Akakitosa kwenye ndoo.

Lakini nisiwafiche, zulia lilipendeza. Rangi ya matofali niliyokuwa nimeisahau ikaanza kuja juu, mkanda baada ya mkanda. Hata wifi akaacha kusema. Nusu ya sebule ilipokwisha akavua kilemba, akalala kifudifudi katikati ya zulia, pua ikiwa imezama kwenye manyoya, akavuta hewa kwa nguvu zake zote.

Nikangoja.

Akavuta tena.

"Hakuna kitu," akasema kutokea chini, kama aliyedhulumiwa.

"Kwa hiyo linabaki?"

"Maliza kwanza. Naenda kuoga, nina waridi mpaka magotini."

Akaenda. Nikasikia maji ya bafuni. Nikabaki mimi, mashine, na kipande kilichobaki cha dirishani.

*

Nilianza na goti la kushoto.

Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Niliipitisha mashine juu yake polepole, kama pumzi, nikainyanyua nitazame.

Manyoya yalikuwa yanaamka.

Hayakuamka yote kwa pamoja. Ya pembeni yalianza, yakajinyoosha, yakafuatiwa na ya ndani, mpaka katikati kabisa, pale palipokuwa pameshindiliwa kama ngozi. Yakasimama wima, mororo, mekundu, yamelingana na wenzake. Nikalitafuta shimo kwa macho, halipo. Nikalitafuta kwa kiganja, halipo.

Nikawaza, huyu muuzaji ameniuzia nini?

Halafu nikakumbuka kazi yangu.

Mume wangu alikuwa anakata na kushona. Mimi nilikuwa napiga pasi. Na wateja wetu wengi hawakuwa watu wa nguo mpya. Walikuwa walimu, makarani, madereva, wenye suruali moja nzuri iliyotoka matumbo magotini kwa kukaa. Wakiniletea, nafanya nini? Naweka kitambaa chenye unyevu, naweka mvuke, nainyanyua pasi kabla haijagandamiza, napapasa kwa mkono. Goti linaondoka. Kola ya mahameli iliyolaliwa, mvuke. Alama ya mkunjo, mvuke. Nilisifiwa kwa hilo. Watu walitoka mitaa mingine kuniletea magoti yao.

Mtu mwingine yeyote angekosea hapa, ningemsamehe, angekuwa hajui. Mimi ndiye bingwa.

Nikaizima mashine. Nikakibonyeza kile kipande kwa kiganja. Kikalala kidogo, kikasimama tena, kikaidi. Nikaangalia mlangoni. Nikapiga magoti, nikaweka goti langu la kushoto pale pale, nikaliegemea kwa uzito wangu wote.

Nilipoinuka palikuwa na alama. Ndogo, nyembamba, imeelekea upande usio wake. Ya mtu mwingine kabisa.

Ikanyooka yenyewe mbele ya macho yangu.

Likabaki la kulia. Na sasa zulia zima lilikuwa safi limelizunguka, kwa hiyo kile ambacho hakuna mgeni aliyewahi kukiona kilikuwa kinaonekana tangu mlangoni: sahani moja ya kijivu kwenye uwanja mwekundu. Nilitafuta mashine isiyo na nguvu ili nilifiche, nikaishia kulitangaza.

Nikaleta stuli, nikaisimamisha juu yake, miguu ya stuli nje ya shimo. Nikaweka sura ya mtu aliyemaliza kazi.

*

Wifi akatoka bafuni akiwa na khanga safi na ari mpya. Akakagua kuanzia mlangoni, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu.

"Safi. Safi. Hapa pia safi. Stuli inafanya nini hapo?"

"Imesimama."

"Viti vyote viko nje, yenyewe imesimama?"

"Miguu imechoka, nilitaka kukaa."

"Mbona hujakaa?"

Akainyanyua stuli.

Tukalitazama pamoja.

"Hapa umeruka," akasema.

"Nimeruka."

"Tulikubaliana nini?"

"Hata wa kiganja."

"Na hiki ni kiganja?"

"Ni zaidi kidogo."

"Washa mashine."

"Siwashi."

"Wifi, kipande chenyewe hiki tu! Umesafisha uwanja mzima, ushindwe hapa? Lete." Akaichukua mwenyewe, akachomeka, akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Maji yakaanza kuimba tumboni mwa mashine. Akaiweka sawasawa mbele ya goti, mikono miwili kwenye mpini, akisubiri kijani.

Mimi ni mtu wa maneno mengi kwenye gazeti. Nyumbani huwa yananikwama. Yakakwama pale pia, mpaka maji yakaanza kutokota.

"Wifi," nikasema. "Hilo ni goti."

"Ni nini?"

"Goti lake. Alikuwa anapiga magoti hapo akikata."

Hakunitazama. "La nani?"

"La mdogo wako."

Mashine peke yake ndiyo iliyokuwa inaongea.

"Goti lipi?"

"La kulia."

"Na la kushoto?"

"Nimelipiga pasi."

Taa ikawa kijani.

Wifi hakubonyeza. Alisimama na ile mashine mkononi, mvuke mwembamba ukipotea pembeni. Kisha akauegemeza mpini ukutani, akachomoa waya, akaanza kushuka chini, taratibu, akishika kiuno, mpaka akakaa. Akaweka kiganja ndani ya lile shimo. Kikaenea.

"Hili ndilo aliloanguka nalo," akasema.

"Lini?"

"Akiwa mdogo. Nilikuwa namfukuza, alikula sukari yangu. Akaanguka kwenye changarawe, likafunguka mpaka unaona weupe wa mfupa. Nikambeba mgongoni mpaka nyumbani. Njia nzima analia, na katikati ya kulia ananiambia natembea polepole."

Nikacheka. Alikuwa mtu wa namna hiyo hasa.

Naye akacheka. Tukakaa pale tukicheka, wajane wawili wa mtu mmoja kwa njia tofauti, na nikajiona mpumbavu kwa yote niliyowaandikia juu yake. Nikajiambia leo yamekwisha.

"Basi linabaki," nikasema.

Wifi akajifuta pua kwa ncha ya khanga.

"Linabaki wapi?"

"Hapa."

"Hapana," akasema kwa upole kabisa. "Hili naondoka nalo. Nalipeleka kwangu."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Zulia? Hili lililokuwa linakuua?"

"Limepona."

"Wifi, jana ulitaka kulitupa!"

"Jana hukuniambia lina nini. Ungeniambia tangu mwanzo ningekuwa nimeshaondoka nalo zamani, wala tusingesumbuana na mashine." Akainuka, akiwa bado ameshika kiuno. "Wewe una nyumba nzima. Una cherehani yake. Una kitanda chake, una mlango aliokuwa anaufungua. Mimi nina nini cha mdogo wangu? Niambie kimoja."

"Ulikuwa na mashati. Ukayagawa."

"Niliyagawa."

"Hakuna aliyekutuma."

"Nilidhani itapunguza uchungu," akasema.

Nilikuwa na jibu hapo pia. Nilikuwa na majibu ya wiki nzima. Nikaangalia mapazia yasiyokuwepo, rafu isiyo na sufuria, nikaona jinsi alivyokuwa akizunguka humu ndani akitoa kimoja baada ya kingine, na hakuna kilichopungua.

Mlango ukagongwa.

Walikuwa wachukuzi, wanaume wawili wenye kamba mabegani. Yule mkubwa akavua kofia. "Tumefuata zulia la kutupa."

"Si la kutupa," akasema wifi. "La kubeba. Kwangu. Na mlibebe kama mtoto."

"Halitoki," nikasema.

Mchukuzi akatutazama. "Samahani, mwenye zulia ni nani?"

"Mimi," tukasema.

Nikamgeukia wifi, nikaongea kwa sauti ndogo, ya mtu anayejua pasi. "Bado lina unyevu. Likikunjwa hivi, manyoya yote yatalala upande mmoja. Litafika kwako halina goti. Tutakuwa tumekosa wote."

"Basi halikunjwi. Litabebwa limetandazwa."

"Kwa mlango huu?"

"Wataona wenyewe, ndiyo kazi yao. Shikeni!"

Wachukuzi wakainama wakashika pembe za mlangoni. Sikuwa na nguvu za kushindana na mtu, kwa hiyo nikafanya nililoweza: nikaenda dirishani, nikakaa chini kando ya goti, nikakunja miguu nisiliguse.

"Sasa huyu?" akauliza yule mdogo.

"Nyanyueni," akasema wifi. "Atatoka akichoka."

Wakanyanyua. Zulia likapanda, na mkunjo mmoja mnene ukazaliwa kule mlangoni, ukaanza kutembea kuja dirishani. Ukapita katikati ya sebule. Ukapita pale wifi alipolaza pua. Nikaweka mikono yangu mbele ya goti, kama mtu anayezuia gari.

"Simameni!"

Si mimi niliyesema. Wifi alikuja mbio, peku, akajitupa chini upande wa pili wa goti kwa uzito wake wote. Madirisha yakalia. Mkunjo ukafa hapo hapo.

Tukawa tumekaa tunatazamana, yeye huku, mimi huku, na lile shimo katikati yetu. Mkono wake kando. Mkono wangu kando. Hakuna aliyeligusa, na hakuna aliyekuwa na nia ya kusogea.

Mchukuzi mkubwa akaachia pembe yake, akajifuta viganja kwenye suruali.

"Mama zangu," akasema, "sasa tunabeba nini?"

"Subirini nje," akasema wifi. Akangoja mlango ufungwe. Kisha, bila kuondoa macho yake usoni kwangu, akasema:

"Haya wifi. Inuka wewe kwanza."